Santuri Ndani ya Nailoni

“Toa mukono, maman! Disiki ya collection haifunguliwe!” alifoka Modeste, akiikumbatia santuri yake mpya iliyofungwa kwa nailoni.

Noëlla alikuwa jirani yake wa kiti tu tangu basi litoke Kavumu, lakini ubishi haukumpita. Alisoma maandishi ya jalada. “Muziki ya roki ya zamani ya Wajerumani, wameitoa upya watu wasikie, na weye unaenda kuifungia mu armoire, mu kabati?”

“Disiki zangu zote ziko mu nailoni. Sijasikia hata moja.”

“Papa, umeoa kanisani, halafu unamuacha bibi na voile ku uso mupaka uzee!”

Basi zima likacheka. Modeste akanong’ona, “Na kama ni mubaya? Miaka yote hii nakusanya…”

“Basi utajua leo,” alisema Noëlla.

Walipofika kituo cha Nyawera, Modeste aliing’ata nailoni, akaichana yote.