Erasmo Kinunda, Bwana Mifugo, na Ndama wa Mama Kunigunda

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Gertrude, dada yake mkubwa, niwasomee maisha ya Erasmo, nami nitayasoma polepole, kwa sababu ipo sehemu ambayo yeye mwenyewe aliagiza isirukwe.

Erasmo alizaliwa Ukata tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa nne wa mzee Joakim Kinunda na mama Margareta, akasoma shule ya msingi hapo hapo Ukata hadi mwaka 1967, kisha sekondari Songea, na mwaka 1972 akajiunga na Chuo cha Mifugo Mpwapwa, alikohitimu cheti Novemba 1974. Alianzia kazi Songea, na Januari 1981 akahamishiwa hapa Namswea, ambako mlimwita Bwana Mifugo mpaka watoto wenu wakadhani ndilo jina alilobatizwa.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Ida, binti wa wavuvi wa Liuli, aliyekubali kupanda milimani na kuwaacha samaki wabichi, jambo ambalo shemeji zake walimtania Erasmo kila Krismasi, nao wakajaliwa watoto watatu, Meshack, Mektilda na Hilda.

Mwaka 1990 ulikuja mradi wa ng'ombe wa maziwa, kila nyumba ikipewa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, na kutoa ndama jike wa kwanza kwa nyumba inayofuata, na dume likiwa moja kwa kijiji kizima. Tarehe 20 Julai 1992 Erasmo aliitwa kwa Mama Kunigunda Ndunguru, mjane, akamkuta ndama wa wiki tatu haoni, anazunguka upande mmoja, anasukuma kichwa ukutani, na kila akishanyonya anazidiwa. Alimuuliza mama kama ndama aliwahi dang'a, yale maziwa ya kwanza ya kunyonywa mara tu anapozaliwa, naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, akajibu, "Bwana Mifugo, siku ile nilikuwa nachuma kahawa, alinyonya mchana." Kwa jibu hilo moja Erasmo aliandika kwenye kadi ya ng'ombe, matunzo duni, ndama akafa, kamati ya mradi ikamnyang'anya mama ng'ombe, na kisimani wakaanza kumwita Mama Dang'a, wakimuuliza kama watoto wake nao waliwahi kunyonya.

Ng'ombe yule akapewa Mzee Othmar, aliyemsubiri ndama kama mkunga na kumnyonyesha saa ile ile aliyozaliwa, lakini Agosti 1993 ndama huyo naye akazunguka vile vile, akafa. Septemba akafa wa tatu, kwa Antoni, kutoka kwa ng'ombe mwingine kabisa, na safari hii Erasmo alimpasua, akakuta ini dogo kama la mbuzi, na mshipa mnene ukipita pembeni yake, hivyo damu ya tumboni ilikuwa inafika kichwani bila kusafishwa. Ndama walizaliwa hivyo, na wote watatu walikuwa wa dume lile la mradi.

Vipande vya ini alivitia kwenye chupa, akavipakia kwenye basi pale Kitai kwenda maabara, lakini ndiyo miaka ambayo huduma zilikuwa zinaachiwa watu binafsi, na jibu likaja kwamba dawa za kupimia hazipo, asubiri. Kamati ilisema bila karatasi ya maabara dume haliondolewi wala kadi haifutwi, naye akasubiri. Dume lilipandisha mpaka likafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mwaka 1995, likiwa limeacha ndama wengine saba wa namna ile, na Juni 1996 Erasmo akapunguzwa kazini. Mama Kunigunda alifariki tarehe 9 Februari mwaka huu, bado akiitwa jina lile, na kaburini pake Erasmo alisimama ili aseme, akakaa tena, akamwambia Ida kwamba bila karatasi watu wangemcheka. Karatasi hiyo haijafika mpaka leo.

Tarehe 2 Juni 1997 alipatwa na kiharusi, kikamchukua mkono wa kulia na sauti yote. Nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na mitano, kwa hiyo nilimletea ubao na chaki, tukaanza herufi moja moja kwa mkono wa kushoto, na sentensi aliyoichagua ikamchukua wiki tano. Alifariki juzi, Jumanne tarehe 19 Agosti, hospitalini Mbinga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea kuni na unga, wanajumuiya, na wenzake wa idara ya mifugo.

Beata, mwanangu, wewe ndiye uliyebaki wa Mama Kunigunda, kaa hapo hapo ulipo, nakusomea: "Kunigunda hakukosea, nilikosea mimi, ndama alizaliwa mgonjwa." Aliyestahili kuisikia hayupo, imemchelewa miezi sita, na hilo sina namna ya kulisahihisha.

Mdogo wangu, sentensi yako nimeisoma yote, pumzika kwa amani.