Jani la Ruwenzori

Benchi yetu iko commune ya Kenya, mtaa wa mji wetu wa shaba, si ile nchi, mbele ya atelier ya kulehemu, pale Mama Constance anapouza kahawa ya tangawizi. Kila anayekaa pale ni mjuzi wa kila kitu, mimi wa kwanza, na asiyetaka akakae kwao. Ilikuwa mwezi wa pili, 2025. Goma imeanguka, Bukavu imeanguka, na sisi kila asubuhi tunapigana vita yote kwa mdomo. Gérard tunamwita Avocat, wakili, maana anatetea hata aliyemwibia kuku. Jeannot ni Cent-Kilos, kilo mia, naye ni mwembamba kama fito. Lakini asubuhi ile vita hatukuigusa. Kyakimwa, binti aliyekimbia Butembo akaja kwa mjomba wake muuza maharagi wa jumla, alifungua bahasha magotini. Ndani mlikuwa na jani moja kavu, refu kama mkono, upande wa chini manyoya meupe matupu.

— Tumbako? Cent-Kilos akauliza.

— Hapana, papa. Ni jani ya muti ya Ruwenzori, kule juu karibu na theluji. Mimi kazi yangu ni kusoma miti ile. Inapita nyumba kwa urefu, na iko mu famille moja na alizeti. Na salade yenye munakula hapa.

— Salade!

— Salade, papa.

Avocat aliweka kikombe chini.

— Binti, hapa tunaheshimu uongo, lakini hata uongo iko na mupaka.

— Sikuongopee. Kule mchana ni jua, usiku ni baridi ya kuua. Jua likizama, muti inafunga majani kama choux, kama kabichi, inafunika moyo wake. Na majani yenye kufa haiyatupe. Inayavaa kama koti. Ukiivua ile koti, maji ya ndani inaganda, muti inakufa.

— Yo! Inavaa bakufa bake! Mama Constance akashika mdomo.

Mimi nilifunga kifungo cha shati, sifichi.

— Ni cuivre, ni shaba, Avocat akasema. Chini ya ule mulima kuko cuivre. Cuivre njo inakuza.

— Kama ni cuivre, weye muzaliwa wa hapa ungefika ku mawingu, Mama Constance akamjibu.

— Mi naona ni salade ya kawaida, ilipanda mulima, Cent-Kilos akasema. Asiyefunzwa na mama yake, dunia inamufunza. Tupeleke salade ya bustani za Annexe kule, mwaka kesho tunapasua mbao.

— Na kuku wakiila? nikauliza.

— Banakuwa autruche, mbuni kabisa.

— Basi hata Adamu aliishi mulimani! Avocat akapaza sauti. Sisi tulishuka, njo tukafupika! Haba na haba hujaza kibaba!

Kyakimwa akacheka. Tangu afike hatukuwahi kumwona akicheka.

— Ajabu haiko urefu, papa. Ua ya alizeti munasema ni moja? Haiko moja. Ni maua mingi midogo, imefinyana pamoja.

— Commune ya Kenya! nikasema.

— Njo vile. Sasa, hii muti ya bonde yenye tulikuwa tunasomea iko na maneno. Ukiangalia sura, manyoya, ua, utasema ni ya mulima ingine, mbali. Lakini tulisoma ADN ya muti moja, ile alama ya ukoo ndani yake, ikasema hapana: ndugu yake ni ile fupi ya jirani, yenye haifanane nayo hata kidogo. Muti moja haitoshi. Hii jani ni ya muti ya pili. Ikisema vile vile, basi iko aina yenye haijapata jina bado.

— Mutoto wa nyoka ni nyoka. Kumbe sura ni uongo, Avocat akasema.

— Hapana. Sura nayo iko na maneno yake. Tunasoma yote mbili.

— Na majani ingine? Cent-Kilos akauliza.

— Yalibaki njiani tukikimbia. Kule juu sasa kuko bantu ba bunduki. Ni hii tu. Saa kumi mutu wa kwetu anapanda ndege, ataifikisha laboratoire.

Mjomba wake akamwita depo. Akamwachia Mama Constance bahasha. Sisi tukaendelea na Adamu wetu. Aliporudi, jani lilikuwa linang'aa kwa maji.

— Niliinyunyizia maji kidogo, mwanangu, Mama Constance akasema kwa furaha, kama vile tunafanya matembele sokoni. Ilikuwa inanyauka.

— Mama! Ikilowa, inaoza! ADN inaharibika!

Mama Constance aliweka chini kikombe cha maji. Alikuwa amefanya kwa upendo, na sote tuliliona.

— Tunafanya nini? akauliza. Niambie, mwanangu. Nitafanya.

Kyakimwa alilipangusa jani kwa kitambaa kisafi, polepole.

— Mchele. Ukaushwe ku moto, upoe, tuifukie ndani. Inanyonya maji.

Mama Constance aliiondoa kahawa jikoni, akaweka sufuria ya mchele. Avocat akapepea makaa, Cent-Kilos akatafuta kopo lenye kifuniko. Hakuna aliyetoa nadharia. Tulilitazama lile jani mpaka likafukiwa, na nilimwomba Mungu kwa ajili ya salade, mimi mtu mzima.

— Inaweza kupona, Kyakimwa akasema mwishowe. Inaweza.

Hapo akafika Chomba, kijana wa pikipiki wa mtaa wetu, na moto yake, kumpeleka Kyakimwa uwanja wa ndege. Tukamrukia sote: koti la wafu, salade kupita nyumba, ua lenye commune nzima ndani! Chomba akasikiliza, akaliangalia kopo.

— Na muti yenyewe, ingali imesimama?

Mama Constance akamwangalia Kyakimwa. Kyakimwa akalikumbatia kopo kifuani.

— Tuliacha moshi ukipanda lile bonde, akasema. Twende, ndege haingoje.