Mama Nani-Kaita Anafunga Mlango

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja karakanani kwetu, anastaafu mwandishi mkuu wa programu ambaye nusu yetu hatujui hata jina lake la kwenye hati. Kwetu ni Mama Nani-Kaita, basi.

Alianza kwa kulehemu nyaya kwenye meza ya dirishani. Miaka mitano baadaye, kwa vitabu vya kuazima, alikuwa anaandika draiva, yaani programu zinazozungumza na vifaa, za mashine zetu za kupima mapigo ya moyo.

Jina alilipata mwaka wake wa kumi na mbili. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti alipiga simu: kwa muda wa dakika kumi skrini ilibaki kwenye mapigo 142, hayapandi wala hayashuki. Alimgusa mtoto, akamkuta mzima. Aliyekuwa amelala ni mashine. Na nyingine arobaini za aina ile zilishafungwa kwenye maboksi, lori linangoja getini.

Mama alijifungia siku mbili, akaipata kasoro. Kihisi, kile kinachonasa mapigo, kikipata pigo la moyo, huiita prosesa, ubongo wa mashine. Draiva hujibu, kisha hukiamuru kinyamaze. Draiva yetu ilitoa amri hiyo mwishoni kabisa na kuondoka kabla haijafika. Kihisi kikaendelea kuita. Prosesa ikirudi mbio, amri imeshafika, inakuta kimya. Tuliiita miito hewa. Ilipojaa, mfumo uliona unataniwa, ukaikata laini ya kihisi, na mapigo ya kweli hayakusikika tena.

Meneja alitaka mashine zitoke, marekebisho yafuate baadaye. Draiva ile aliiandika Mama mwenyewe, na angeweza kukausha. Akasimama mbele yetu sote: “Kosa ni langu, na leo haitoki mashine hata moja.” Tuliinamisha macho. Tulijua kibarua kimeota nyasi.

Dawa ilikuwa fupi. Uliza kwanza nani kaita. Mnyamazishe mapema. Kisha msome tena uhakikishe amenyamaza, ndipo uondoke. Maboksi yote arobaini yalifunguliwa, lori likachelewa siku tisa. Meneja alimnunia mwezi mzima, halafu akayabandika maneno hayo ukutani kwa mkono wake. Yapo hadi leo.

Hatutamsifia uongo: chai yake haifai, na akikagua kazi yako utaomba po. Mumewe, fundi cherehani, analalamika kwamba hata nyumbani Mama akishafunga mlango lazima arudi auvute kuhakikisha umefungika. Shemeji, vumilia, sasa utakuwa naye kutwa.

Wodi ile bado inatumia mashine zetu. Miaka kumi na tisa sasa, haijatupigia simu kuhusu skrini iliyoganda.

Mama, asante. Tumeiandika hapa, lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kuandika hakutoshi, kwa hiyo Jumatatu tutakupigia kuhakikisha imefika. Nenda ukapumzike kwa raha na afya. Na mlango usirudi kuuvuta, tumeshauvuta sisi.