Leso Iliyofuliwa

Katika tuktuk ya kutoka Gazi kwenda hospitali nilikaa katikati ya abiria wawili, kwa hiyo kusikia hakukuwa hiari yangu. Kijana alikuwa na leso mapajani, akiikunja na kuikunjua.

"Ni ya mke wangu," alimwambia mama mwenye kikapu cha muhogo. "Amelazwa. Mtoto halali bila kuinusa, nami jana nikaifua."

"Ukaifua!" Mama alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeisuuza.

"Niliona ni chafu, mama. Nimembembeleza, nimemwimbia, wallahi hakulala. Sasa nampelekea mamake ajifunge mchana huu, jioni nirudi nayo."

"Mwache azoee harufu yako, mwanangu. Atalia, kisha atalala."

"Najua atalala." Aliikunja tena, vibaya kuliko mwanzo. "Na akishazoea, mama, mimi nitamngojea mke wangu na nani?"

Tuktuk ikafika langoni. Kijana aliruka kabla haijasimama sawasawa, akatuachia harufu ya sabuni.