Unga Uliobaki Mkekani

Sifa ni kwa Bwana, ndugu zangu! Amani iwe kwenu mliokaa mbele na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, mahali ninapokaa mimi siku zote.

Mwalimu wa kanisa ameniambia mara nyingi nisimame niseme Mungu alivyonitendea. Nikisimama, sauti inakauka. Kwa hiyo nimeandika. Naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la nne, lakini niliyoyaandika niliyaona kwa macho yangu.

Ndugu zangu, mnajua kwamba mama yangu na mimi si wa hapa Mandawa. Baba alitutoa ng'ambo ya Ruvuma nikiwa mgongoni, akafariki kabla sijajua kuhesabu. Mzee Mfaume, ambaye ni Mwislamu na mwenyeji wa siku nyingi, alitukatia kipande cha shamba kando ya lake. Hakuna karatasi. Alisema tu, "Limeni hapa," na Jumbe, mkuu wa kijiji, akakubali. Kwa neno hilo tuliishi, na kwa neno jingine tungeweza kuondoka. Nilikua nikilijua jambo hili. Ndiyo maana sikupenda kusema mbele za watu. Niliona bora ninyamaze kuliko kukosea.

Miaka ile mashine zilikuwa zinafyeka pori la Nachingwea kwa ajili ya karanga. Vijana wengi walikwenda huko kung'oa visiki, kisha wakaacha kazi na kurudi makwao. Wakubwa wa mashamba hawakuelewa kwa nini. Basi akaja Mzungu mmoja kutoka chuo kikuu cha kwao. Huyu hakuwa wa serikali wala wa karanga. Alikuwa msomi, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyoendesha kazi na mali. Alisema huko kwao wana elimu kubwa ya hesabu za biashara, lakini hawajui shamba linaendeshwaje bila karani wala nyapara. Nani anaamua ufuta upalizwe leo? Nani anaamua upi uende sokoni na upi ubaki kuwa mbegu? Alitaka kuyaandika hayo katika kitabu cha chuo.

Alinichukua mimi niwe mkalimani, kwa sababu nilijua Kiswahili cha shule na Kimwera cha kuchezea na wenzangu. Watu walimwita Bwana Maswali. Mimi wakaniita Mtoto wa Maswali, nami nikacheka nao. Kwangu ilikuwa kazi nzuri, maana maneno yote yalikuwa yake, si yangu.

Mwanzoni alitumia vijiwe. Kila mtu wa nyumba alikuwa na kijiwe chake. Lakini kijiwe hakionyeshi nani amefanya kazi zaidi. Basi siku tuliyokwenda kwa Mzee Mfaume alikuja na unga mweupe wa mahindi, ameununua dukani Ruangwa. Akatandika mkeka uani. Akaniambia niulize majina ya watu wa nyumba ile, kila mmoja. Kila jina nililotaja, Bwana Maswali aliweka fungu la unga mkekani. Kisha Mzee alitakiwa aongeze au apunguze kwa mkono, kufuata kazi ya kila mtu katika ufuta.

Ninyi wa hapa mmekwisha kuelewa. Wageni watakaosoma hawataelewa, basi niseme wazi. Kwetu unga mweupe hutengwa kwa mafungu madogo wanapoombewa wafu, na kila fungu hutajiwa jina la marehemu. Fungu likisimama, watu hurudi nyumbani na amani. Likibomoka, ni habari mbaya. Mahubiri yanakataza jambo hili, ya msikitini na ya kanisani, lakini macho ya watu yanalijua.

Na mimi nilikuwa nimetaja majina ya watu walio hai!

Nilishtuka nilipomwona Mzee Mfaume amerudisha mkono wake nyuma. Nikamnong'oneza Bwana Maswali. Alikuwa anaandika, akaitika "ndiyo, ndiyo" bila kunisikia. Wakati huohuo kuku akapita mkekani akafuata unga, akalikanyaga fungu moja likabomoka. Lilikuwa fungu la Saidi, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Bwana akacheka, akamfukuza kuku. Hakuna mwingine aliyecheka. Saidi mwenyewe alikuwa amesimama pale, akainama akafunga vizuri mkanda wake.

Tukaondoka, unga ukabaki. Alfajiri Saidi akaenda Nachingwea kwenye kazi ya visiki, na Bwana naye akaenda huko kwa shughuli zake. Mimi nikabaki hapa.

Ndugu zangu, baada ya muda vijana waliokwenda na Saidi walirudi, yeye hakuwamo. Walisema kundi lao lilipelekwa mbali, upande wa Kilimarondo, na kwamba asubuhi moja Saidi alitoka kambini akiwa hana nguvu, hakuonekana tena. Upande ule una simba. Mmoja alisema waliona nyayo. Aliposimulia mara ya pili, aliongeza damu.

Kuanzia hapo kijiji kilinifungia mlango. Nilipofika kisimani akina mama walinyamaza mpaka nimejaza ndoo. Watoto waliponiona walikimbia, na mmoja aliimba kwamba Mtoto wa Maswali ana unga mfukoni. Kisha Bakari, mdogo wake Mzee Mfaume, akaja kwetu. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alimwambia mama mbele yangu:

"Shemeji, mwanao alitaja majina yetu juu ya unga. Mzungu wake anakusanyiwa roho za watu huko kwenye mashine, na mwanao ndiye karani wake. Ijumaa baada ya swala tutaonana kwa Jumbe. Kama Saidi amekufa, hamtavuna ufuta huu."

Ufuta wetu ulikuwa umesimama, maganda yameanza kukauka. Mwaka ule nguruwe walikuwa wamemaliza mahindi ya watu wote, tunaishi kwa mihogo. Ufuta ule ndio ulikuwa nguo yetu, chumvi yetu na mbegu yetu. Na tukifukuzwa, twende wapi? Kaburi la baba lipo hapa.

Nilimwambia mama tukimbilie Kiegei kwa mjomba. Mama alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa.

"Ukikimbia, umekubali," alisema. "Kaa. Wewe si unaomba? Omba."

Nikaenda katikati ya ufuta nikapiga magoti. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema, Bwana, fungua kinywa changu siku ya Ijumaa. Nipe maneno niwaeleze elimu ya yule Mzungu ilivyo, wajue sikuwa naomba wafu. Niliomba hivyo kila siku, nikajifunza na maneno yenyewe ya kusema, nikayarudiarudia kama wimbo wa shule.

Ijumaa ikafika. Wanaume walikaa barazani kwa Jumbe, wanawake wakakaa pembeni penye kivuli cha nyumba. Bakari alisema vizuri, ni mtu wa kusema. Alieleza majina, alieleza unga, alieleza kuku. Alisema Mzungu ameondoka kwa sababu amekwisha kupata alichotaka. Watu wakaguna. Mzee Mfaume alikaa anatazama fimbo yake, naye ndiye aliyetupa ardhi. Nilijua akisema neno moja tu, tumekwisha.

Jumbe akaniita jina. Nikasimama.

Ndugu zangu, sikuweza! Maneno yote niliyojifunza yalitoweka. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Nilisikia mtu akisema kwa sauti ndogo, "Mwoneni, analaumiwa na ulimi wake mwenyewe." Jumbe akaniuliza mara nyingine. Moyoni nilisema, Bwana, umeniacha.

Ndipo upande wa wanawake akainuka Mama Saidi.

Yeye ndiye mke wa Mzee Mfaume, mama wa kijana aliyepotea. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kunilaani siku ile, ni yeye. Watu wakampisha wakidhani amekuja kunilaani. Alivuta ukaya wake wa kichwani, akamtazama Jumbe, si mimi.

"Unga wa wafu unaliwa?" aliuliza.

Jumbe akasema hauliwi na mtu aliye hai.

"Basi mimi niliupika," akasema. "Walipoondoka niliuzoa mkekani wote, na ule aliokanyaga kuku. Nikauchekecha, nikasonga ugali. Nyumba nzima tulikula. Saidi alikula, akakwangua na sufuria. Na wewe Bakari ulipita jioni ile ukala, ukasema siku nyingi hujaonja mahindi. Sasa ulikuwa unga wa wafu, au chakula?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Bakari akatazama mkono wake wa kulia kana kwamba ulikuwa bado na ugali.

Mzee Mfaume akamgeukia mkewe. "Uliniambia unga ule umetoka dukani."

"Ulitoka dukani," alijibu. "Ulipitia tu kwa Mzungu."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa analia. Ndugu zangu, mjue alichotoa mama yule. Mwanamke wa nyumba kubwa, nyumba inayogawia wengine ardhi, alisema mbele ya kijiji kizima kwamba alizoa unga wa mgeni chini, baada ya kuku, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu. Aibu hiyo angeweza kuiacha imefunikwa. Na mwanawe alikuwa bado hajulikani alipo. Akasema tena, "Sijui Saidi yuko wapi. Lakini msimfukuze mtoto wa watu kwa unga nilioula mimi."

Mzee Mfaume akasimama akasema neno lake moja. Alisema, "Wavune."

Tukavuna! Hatukujua bado habari za Saidi, na mama yake alikuja kutusaidia kufunga miganda, huku anatazama njia. Tulikuwa tunakung'uta ufuta Saidi aliporudi, amekonda, anatembelea fimbo. Homa ilimwangusha porini, lori la mashamba likamwokota na kumpeleka hospitali Nachingwea, akalala huko hajitambui. Aliponiona alisema nimwambie Bwana Maswali alete unga mwingine. Bwana naye aliporudi nilimweleza yote, mwenyewe, bila kunong'ona. Aliweka kalamu chini. Tangu hapo tulitumia magunzi ya mahindi.

Ndugu zangu, wapo watakaouliza kwa nini nashuhudia kanisani habari za mama wa Kiislamu. Nami najibu kwamba niliomba Mungu afungue kinywa changu, naye akafungua cha Mama Saidi. Sikumchagua mimi. Kama wewe leo umezungukwa na huna la kusema, mtumaini huyu Mungu. Mwombe, kisha usimpangie atapitia wapi.

Namshukuru Bwana kwa ardhi tunayolima hata sasa. Atakayewasomea maneno haya asome polepole, kama nilivyoyaandika. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, na akimaliza nitasema amina kwa sauti mtakayoisikia.