Picha ya Maji Yaliyojaa

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji chetu cha Kiegeani, Bi Mwanahija, uliyekubali kurudi, wageni waalikwa, na nyinyi mlioingilia dirishani: asalaam aleikum.

Mimi Ukasha sikusomea filamu popote. Nina banda la video tu. Kwa miaka ishirini nimeona miji ikizama na madaraja yakikatika, mengine mara mbili, kwa kuwa mlipiga kelele nirudishe nyuma. Humo nikajifunza kwamba mtazamaji hatishwi na wimbi. Hutishwa na picha inayolitangulia: mkono umekaza kamba, jicho limetazama juu. Ukizipanga vibaya, wimbi linabaki maji tu.

Sasa la kwetu. Filamu hii tuliyoitengeneza wenyewe ni ya siku ile dhoruba ilipowakuta kina mama kumi na wawili kwenye mashamba ya mwani, ng'ambo ya mkondo, maji yametoka, miamba imefunikwa na maji shubiri moja tu, boti haiwezi kupita juu yake. Abeid, mwana wa Bi Mwanahija, akapeleka boti, akarudisha kumi na mmoja. Akamfuata wa mwisho, Kidawa, na boti ikapasukia mwambani. Kidawa tunaye hapa. Abeid hatunaye.

Mwezi uliopita tuliionyesha mara ya kwanza. Jamila, mhariri wetu, alikuwa ameikata kwa kasi, picha sekunde moja moja, rangi ya buluu ya kutia baridi. Watu wakashikilia viti. Halafu, boti ikikaribia kugonga, akatia picha ya bahari iliyojaa pomoni. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa nzuri.

Kwingine wangepiga makofi. Hapa Sadick akapaza sauti: "We Ukasha! Nahodha gani huyo, agonge mwamba maji yamejaa? Kalala?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Bi Mwanahija akasimama. "Mwanangu njia ile akiijua," akasema. "Nyie ndio mmempoteza." Akatoka.

Nawauliza, sekunde moja ina uzito gani? Ile ilitosha kumfanya mwokozi aonekane mzembe, mbele ya majirani zake.

Jamila hakujitetea. Alingoja bamvua, siku maji yanapotoka sana, akaingia mkondoni, kamera ndani ya mfuko wa plastiki, maji kifuani. Picha aliyoileta si nzuri. Maji machafu, jiwe halionekani, na mahali pa ile ya kwanza inakaa sekunde ishirini bila muziki. Nikamwambia, "Binti, watu watachoka."

"Wachoke, Mjomba. Abeid naye alichoka."

Ndugu zangu, Bi Mwanahija hajaiona. Ametuambia akiinuka tena, filamu ifutwe, isionyeshwe popote. Tumekubali. Jamila yule pale mlangoni, hajakaa tangu alasiri.

Ratiba inasema rimoti nimkabidhi mgeni rasmi. Mheshimiwa, uniwie radhi. Bi Mwanahija, ishike wewe. Kitufe chekundu kinazima, na hakuna atakayekuuliza kitu.

Asanteni kwa masikio yenu. Sadick, uko karibu na swichi: zima taa.