Mama Bembea Anaiaga Bustani ya Jiji

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitumikia baraza la jiji, msimamizi wa bustani yetu kuu anastaafu. Kwenye faili la ajira ana majina matatu marefu, lakini ukiyataja pale getini hakuna atakayekuelekeza. Uliza Mama Bembea.

Jina hilo alilipata mwezi wake wa kwanza kazini. Aliajiriwa kama mfagizi, akakuta bembea zote zimekatika minyororo. Siku yake ya mapumziko alikuja na mumewe, fundi wa kuchomelea, wakazitengeneza. Mkuu wa idara alipopita kukagua nyasi, alimkuta mfagizi wake mpya yuko hewani, anajaribu kama minyororo imeshika. Mkuu alicheka mpaka akakaa chini, na mwaka uliofuata akampeleka kozi ya utunzaji bustani. Kuanzia hapo alipanda ngazi mpaka akakabidhiwa bustani nzima.

Hatumviki kilemba cha ukoka: mama huyu ni mkali. Walioujua vizuri ukali wake ni wageni wa ukumbi wa sherehe ulio ng'ambo ya barabara, waliokuwa wakijaza magari yao kwenye maegesho ya bustani kila Jumamosi, huku wazazi wenye watoto wakizunguka mtaani kutafuta nafasi. Jioni moja alifunga geti kwa saa yake ya kawaida, gari la bwana harusi likabaki ndani. Bibi harusi ndiye aliyevuka barabara, gauni kalikunja mkononi, kuja kuomba lifunguliwe. Alifunguliwa, tena akapewa kiti apumue. Lakini meneja wa ukumbi aliliweka moyoni. Tangu siku hiyo yeye na Mama Bembea walinuniana, hata salamu ikawa shida.

Mwaka juzi upepo uliezua paa la vyumba vya kubadilishia nguo, na mabomba ya vyoo vya bustani yakapasuka. Kamati ya fedha ilipiga hesabu ikaona mfuko hautoshi. Madiwani wengi walielekea kuufunga upande ule, wenye vyoo na uwanja wa watoto, mpaka bajeti nyingine. Mezani palikuwa na ombi moja tu la kuokoa jahazi, nalo lilitoka kwa meneja yule yule: ukumbi uchangie matengenezo, na maegesho yatumike kwa pamoja. Wote wakamgeukia Mama Bembea, maana msimamo wake ulijulikana. Alisema, "Nipeni wiki moja."

Sisi wa idarani tulidhani amekwenda kunoa makucha. Kumbe asubuhi iliyofuata alinichukua mimi, karani wake, tukavuka barabara na kupiga hodi kwa meneja. Mama Bembea aliketi, akaweka mkoba miguuni.

"Kaka, tumegombana mpaka tumeota mvi," akasema. "Jana bibi mmoja kaniuliza, choo kikifungwa mjukuu wake atajisaidia wapi. Ndiyo maana nimekuja."

Meneja aliagiza chai. "Na mimi, dada, wageni wangu kila wiki wananiuliza waweke wapi magari. Siku ile ya harusi nilikosa pa kuficha uso."

"Siku ile nilizidisha," Mama Bembea akasema. "Unisamehe."

Chai ikaletwa. Tulipoinuka walikuwa wamekubaliana: ukumbi utachangia matengenezo, mchana maegesho ni ya watoto na wazazi wao, jioni ni ya wageni wa sherehe, na wafagizi wa ukumbi watayasafisha kabla bustani haijafunguliwa asubuhi.

Barazani diwani mmoja aliuliza nani atahakikisha makubaliano yanafuatwa. Mama Bembea alijibu kwa upole, "Mheshimiwa, geti bado ni langu." Kicheko kilipoisha, hoja ilipita kwa kura. Vyoo vilifunguliwa tena shule zilipofunga, na paa jipya halivuji. Siku mafundi walipolimaliza, aliniambia kwamba katika kazi zote alizowahi kufanya hapa, iliyomtoa jasho ni kuvuka ile barabara.

Sasa anakwenda kuishi karibu na dada yake, na amekwisha kutuonya tusimpigie simu kuhusu mabomba. Bustani anamwachia msaidizi wake, aliyemfundisha kila kona.

Mama yetu, asante kwa kutugombeza, na asante zaidi kwa siku ulizotutetea kwa wakubwa bila kutuambia. Kwa miaka yote hii hatujawahi kukuona ukila chakula cha mchana bila kusimama, sahani mkono mmoja, jicho kwa watoto. Mungu akupe afya njema na siku ndefu zisizo na haraka. Na kuanzia Jumatatu, tafadhali, kula ukiwa umeketi.